Gari Kwanza, Besi Baadaye: Somo la Kuchagua na Kufunga Amplifaya ya Sabufa kwenye Gari la Parokia



Katika masomo ya robo zilizopita tumekuwa tukizungumzia matangi ya maji ya mvua, majiko banifu na utunzaji wa vitabu vya fedha. Safari hii tunaleta somo ambalo huenda wengine watalishangaa: namna ya kuchagua na kufunga amplifaya ya sabufa kwenye gari. Tumeamua kuliandika kwa sababu maombi ya aina hii yamekuwa mengi. Vijana wa kwaya wanaomba besi kwa ajili ya mikutano ya injili na sinema za mafunzo. Wafadhili wanatuma amplifaya na spika zilizotumika. Kamati zinapokea, zinashukuru, na kumkabidhi fundi wa kwanza anayepatikana. Hapo ndipo matatizo yanapoanza, na sisi wenyewe ni mashahidi.

KILICHOTUPATA

Gari letu la huduma ni pikapu ya dizeli yenye betri moja ya volti 12. Linabeba saruji na miche, linapeleka wahudumu wa afya vijijini, na usiku, ikibidi, linapeleka mgonjwa hospitali. Tulipopewa amplifaya iliyoandikwa wati 1,200 na sabufa mbili za inchi 12, tulifurahi mno. Fundi alizifunga kwa nusu siku. Alitumia waya wa umeme wa nyumbani, wa milimita mraba 2.5, akaupitisha chini ya zulia kutoka kwenye betri hadi nyuma ya kiti. Fyuzi hakuweka, na sisi hatukuuliza.

Jumapili moja tulikuwa na mkutano wa vijana katika kigango kimoja wilayani Muleba. Muziki ulipigwa tangu saa nane mchana hadi jua lilipozama, injini ikiwa imezimwa ili kuokoa mafuta. Usiku ule ule, kabla ya saa tano, tuligongewa mlango: mama mjamzito ameshikwa na uchungu na hali yake si nzuri. Dereva alizungusha ufunguo, gari likatoa mlio mmoja mdogo, kimya. Betri ilikuwa imekwisha. Vijana walisukuma, lakini mahali pale ni mteremko mfupi na udongo ulikuwa umelowa. Mama alipelekwa na jirani mwenye gari dogo baada ya kuchelewa karibu saa moja. Tunamshukuru Mungu, mama na mtoto walitoka salama. Lakini hatukulala usiku ule, na asubuhi tulipofunua zulia tulikuta ganda la waya limelainika na kuungua sehemu mbili. Lilikuwa limebaki kidogo tu gari lenyewe lishike moto.

Hatumlaumu fundi peke yake. Kamati ndiyo iliyopokea kifaa bila kuuliza kinahitaji nini. Kwa hiyo somo hili lina neno moja kuu, nalo ni hili: gari la huduma lina kazi yake ya kwanza, na kifaa chochote tunachokifunga ndani yake lazima kikubali kukaa nafasi ya pili. Yafuatayo ni mambo tuliyojifunza kutoka kwa mafundi wazoefu na kutokana na makosa yetu.

1. SABUFA NI YA KAZI GANI?

Kwanza tuelewane kuhusu jina. Madukani kwetu Bukoba, ukisema sabufa watu wengi hudhani ni ile seti ya nyumbani yenye boksi moja kubwa na spika ndogo za pembeni. Katika somo hili sabufa ni ile spika kubwa yenyewe, inayotoa sauti nzito tu, yaani besi. Kwa kawaida inafanya kazi chini ya mitetemo 100 hivi kwa sekunde. Sauti ya mtu anayesema inaeleweka kutokana na mitetemo ya juu zaidi, takriban 300 hadi 3,400 kwa sekunde, ambayo ndiyo inayopitishwa na simu za kawaida za mezani.

Maana yake ni kwamba sabufa haisaidii neno kusikika. Mwaka 2006 mnyauko wa migomba ulipoingia wilayani Muleba, mkulima alihitaji kusikia vizuri kwamba akate ua dume kwa kijiti chenye panda na asafishe panga lake kwa moto au dawa. Machi 2023, ugonjwa wa Marburg ulipothibitishwa katika Wilaya ya Bukoba, kila kaya ilihitaji kusikia nani wa kumpigia simu na kwa nini asiguse maiti. Kazi kama hizo zinahitaji spika za honi, zile zenye umbo la tarumbeta zinazofungwa juu ya gari, pamoja na amplifaya yake ndogo yenye kipaza sauti. Honi hizo zisiunganishwe kamwe kwenye njia ya sabufa, maana besi huziharibu upesi.

Sabufa ni ya muziki: kwaya, ngoma, sinema ya mafunzo uwanjani. Ni kazi nzuri nayo, kwa sababu vijana hukusanyika palipo na muziki. Lakini kamati ikiwa na fedha za kitu kimoja tu, na shabaha yake ni matangazo ya afya na kilimo, inunue honi kwanza.

2. KUSOMA WATI BILA KUDANGANYIKA

Amplifaya huandikwa wati nyingi kwa herufi kubwa kwenye boksi. Namba ile mara nyingi ni kilele cha kufumba na kufumbua, au ni ya kuvutia wateja tu. Namba ya kutafuta ni ile yenye herufi RMS. Hizo ndizo wati ambazo kifaa kinaweza kuzitoa mfululizo.

Kama maandishi hayo hayapo, au hamyaamini, angalieni fyuzi iliyo kwenye amplifaya yenyewe. Fyuzi husema ukweli zaidi kuliko boksi. Chukueni ampea za fyuzi, zidisheni kwa volti za gari injini ikiwa inawaka, tuseme 13.8. Jibu ni umeme unaoingia. Unaotoka kama sauti ni pungufu, kwa sababu sehemu yake hugeuka joto. Amplifaya za aina ya AB hutoa takriban nusu au zaidi kidogo. Za aina ya D, ambazo ndizo zinazofaa sabufa, hutoa karibu robo tatu au zaidi.

Mfano ni ile amplifaya yetu. Ilikuwa na fyuzi moja ya ampea 30. Mara 13.8 ni wati 414 zinazoingia. Kwa kuwa ilikuwa ya aina ya AB, haikuweza kutoa kwa muda mrefu zaidi ya wati 200 hadi 250. Ziko wapi zile 1,200? Ziko kwenye boksi. Tungefanya hesabu hii siku ya kuipokea, tungejua mapema tuna kifaa cha namna gani.

Kisha linganisheni na sabufa. Sabufa nayo ina wati zake za RMS. Kanuni rahisi ni kwamba RMS ya amplifaya ilingane na ya sabufa, au izidi kidogo. Wengi hudhani amplifaya ndogo ni salama kwa spika kubwa. Siyo hivyo. Amplifaya ndogo ikilazimishwa kupita uwezo wake, sauti hukatwa vilele vyake, ikakwaruza, na sauti iliyokatwa hupasha joto koili ya spika hadi iungue.

3. OMU: MZIGO ANAOBEBESHWA AMPLIFAYA

Kila sabufa ina kipimo kinachoitwa omu, kwa kawaida 4 au 2. Omu ni ukinzani. Zikipungua, amplifaya huvutwa umeme mwingi zaidi. Fikirini mtu anayefungua bomba: bomba likifunguliwa zaidi, maji yanatoka mengi, na tangi linakwisha haraka.

Sabufa mbili za omu 4 zinaweza kuunganishwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni sambamba: chanya na chanya, hasi na hasi. Hapo amplifaya inaona omu 2. Ya pili ni mfululizo: chanya ya amplifaya iende kwenye chanya ya sabufa ya kwanza, hasi ya sabufa ya kwanza iende kwenye chanya ya sabufa ya pili, na hasi ya sabufa ya pili irudi kwenye amplifaya. Hapo inaona omu 8. Sabufa nyingine zina koili mbili ndani yake. Hizo nazo huunganishwa kwa kanuni hiyo hiyo, na koili mbili za omu 4 hutoa omu 2 au 8.

Kabla ya kuunganisha, someni kijitabu au maandishi ya chini ya amplifaya kujua omu ndogo kabisa inayokubalika. Jihadharini hasa na amplifaya ya njia mbili inayounganishwa kuwa njia moja. Nyingi zinazovumilia omu 2 kwa kila njia hazikubali chini ya omu 4 zikiunganishwa hivyo. Fundi wetu aliunganisha sabufa mbili sambamba, zikawa omu 2, kwenye amplifaya iliyotaka 4. Ndiyo sababu ilikuwa ikichemka hadi haishikiki.

Jambo jingine dogo lenye faida: hakikisheni sabufa zote zinasukuma kwa pamoja. Kabla spika hazijaunganishwa na amplifaya, chukueni betri ya tochi ya volti 1.5, gusisheni chanya kwenye chanya ya spika na hasi kwenye hasi. Karatasi ya spika itasogea nje kidogo. Ikisogea ndani, alama zake zimegeuzwa. Sabufa mbili zikisukumana kinyume, besi hupotea hewani, na watu huongeza sauti bila kujua ugonjwa uko wapi.

4. VOLTI 12 AU 24?

Amplifaya za magari karibu zote ni za volti 12. Pikapu na magari madogo mengi pia ni ya volti 12. Lakini malori mengi, na baadhi ya mabasi madogo na magari makubwa ya dizeli, yana volti 24 kutoka betri mbili zilizounganishwa mfululizo. Ukiunganisha amplifaya ya volti 12 kwenye volti 24, itaungua mara moja.

Mafundi wengine hukwepa tatizo kwa kuchukua umeme kutoka betri moja tu kati ya hizo mbili. Msikubali. Betri hiyo itaisha mapema kuliko mwenzake, chaji haitagawanyika sawasawa, na baada ya miezi michache mtanunua betri mbili mpya. Njia sahihi ni kifaa cha kushusha volti 24 kuwa 12, chenye uwezo wa ampea zinazohitajika.

5. WAYA NA FYUZI

Hii ndiyo sehemu inayookoa gari, na ndiyo inayosahauliwa kwenye bajeti.

Waya mwembamba una madhara mawili: unapoteza volti, na unapata joto. Tulikokotoa waya wetu wa milimita mraba 2.5 wenye urefu wa mita 5. Ampea 30 zikipita, volti moja nzima inapotea njiani, na waya unageuza zaidi ya wati 30 kuwa joto chini ya zulia. Kwa shaba ya milimita mraba 10, upotevu ni karibu robo ya volti tu. Kwa hiyo tunashauri: amplifaya yenye fyuzi ya ampea 30, waya wa milimita mraba 10, yenye fyuzi za jumla ya ampea 50 au 60, waya wa milimita mraba 16 au zaidi.

Uwe waya wa shaba. Siku hizi kuna waya wa alumini uliopakwa shaba juu, ambao ni mnene, mwepesi na wa bei nafuu. Kwareni uzi mmoja kwa kisu: ukiona weupe ndani, ni alumini. Alumini hupitisha umeme kwa kiasi cha asilimia 60 tu ya shaba, hivyo inabidi uwe mnene zaidi kwa kazi ile ile. Tena viungo vyake huoza upesi penye unyevu, na unyevu wa ukanda wetu wa ziwa mnaufahamu.

Fyuzi kuu iwekwe karibu na chanya ya betri, isizidi sentimita 45. Watu huuliza: mbona amplifaya ina fyuzi yake? Ile inalinda amplifaya. Fyuzi ya karibu na betri inalinda waya na watu waliomo garini. Ganda la waya likichubuka kwenye bati, umeme wote wa betri utapita hapo, na kama hakuna fyuzi kati yake na betri, hakuna cha kuuzuia. Ukubwa wa fyuzi usizidi uwezo wa waya. Kwa waya wa milimita mraba 10 isizidi ampea 50. Na ikikatika, itafutwe sababu. Kuifunga kwa uzi wa shaba au karatasi ya sigara ni kujichimbia shimo.

Waya unapopita kwenye bati kati ya injini na abiria, tundu livishwe mpira ili bati lisiukate. Na kabla ya kazi yoyote kuanza, hasi ya betri ifunguliwe kwanza, na irudishwe mwisho kabisa.

6. ETHI, WAYA WA KUWASHIA NA NYAYA ZA SAUTI

Ethi ya amplifaya, penye herufi GND, ifungwe kwenye bodi ya gari kwa waya wa unene ule ule wa chanya, mfupi iwezekanavyo, usizidi nusu mita. Rangi ikwanguliwe hadi chuma king'ae, ifungwe kwa bolti imara, kisha ipakwe grisi kuzuia kutu. Ethi mbaya ndiyo chanzo kikubwa cha amplifaya kuzimika-zimika na kuunguruma.

Penye herufi REM huingia waya mwembamba unaotoka kwenye redio, kwa kawaida wa buluu wenye mstari mweupe. Huo huamsha amplifaya redio inapowashwa na kuizima redio inapozimwa. Kuna wanaouunganisha moja kwa moja kwenye betri. Wakifanya hivyo, amplifaya hailali kamwe, na betri hunyonywa usiku kucha.

Nyaya za sauti kutoka kwenye redio zipite upande mmoja wa gari, na waya wa umeme upande wa pili. Zikilala pamoja, mtasikia mlio unaopanda na kushuka kadiri injini inavyokanyagwa. Amplifaya yenyewe ifungwe mahali penye hewa, si chini ya magunia, si ndani ya blanketi.

7. BETRI YA KUWASHIA ISIGUSWE

Tufike kwenye kiini cha usiku ule. Betri ya kuwashia gari imetengenezwa kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache, kisha alteneta irudishe. Haikutengenezwa kunyonywa polepole kwa saa nyingi.

Fanyeni hesabu. Muziki hauvuti umeme wa kilele muda wote. Amplifaya yenye fyuzi ya ampea 30, ikipigwa kwa nguvu, inaweza kuvuta wastani wa ampea 10 hivi. Betri ya ampea-saa 70 ikiwa mpya na imejaa, nusu yake ni 35. Gawanyeni kwa 10: saa tatu na nusu. Sisi tulipiga saa nne na zaidi, na betri yetu haikuwa mpya. Kumbe hatukuwa na bahati mbaya; tulikuwa hatukupiga hesabu.

Dawa tuliyoipata ni betri ya pili. Sasa amplifaya inakula kutoka betri yake yenyewe, ya aina inayotumika kwenye sola, iliyofungwa imara ndani ya sanduku lenye matundu ya hewa. Kati ya betri mbili kuna swichi ya sumaku inayofunga pale tu injini inapowaka, ili alteneta ichaji zote mbili. Injini ikizimwa, swichi inaachia, na betri ya kuwashia inabaki peke yake. Waya unaounganisha betri hizo una fyuzi pande zote mbili, kwa sababu kila betri inaweza kuusababishia moto. Muziki ukimaliza betri ya pili, muziki unanyamaza, lakini gari linawaka.

Kama betri ya pili bado haiwezekani, basi iwepo sheria. Mita ndogo ya volti si ghali. Betri iliyojaa na kutulia husoma takriban 12.6, ikifika 12.2 imebaki nusu. Sisi tumeweka kwamba ikisoma 12.3 muziki unazimwa, hata kama kwaya iko katikati ya wimbo. Injini inaweza kuwashwa kuchaji, lakini mahali pa wazi, kamwe si ndani ya gereji iliyofungwa, kwa sababu moshi wake huua. Angalieni pia uwezo wa alteneta. Nyingi za pikapu za zamani hutoa ampea 60 hadi 80, na taa, feni na betri yenyewe vinataka sehemu yao.

8. KUREKEBISHA SAUTI

Kitufe chenye neno GAIN si cha kuongeza sauti. Kazi yake ni kulinganisha nguvu ya redio na ya amplifaya. Fanyeni hivi: kirudisheni chini kabisa, zimeni kitufe cha kuongeza besi, wekeni wimbo safi, pandisheni redio hadi robo tatu. Kisha pandisheni GAIN taratibu mpaka sauti ianze kukwaruza, halafu rudisheni nyuma kidogo. Acheni hapo. Kichujio chenye herufi LPF kiwekwe karibu na 80, ili sabufa ipate besi tu.

Tunashauri vitufe hivyo vikishawekwa vifunikwe, na mtu mmoja tu awe na ruhusa ya kuvigusa. Kwetu ni katibu wa vijana, naye amejifunza kukataa kwa upole.

9. MASIKIO NA MAJIRANI

Sauti ya desibeli 85 inavumilika kazini kwa saa 8. Kila ikiongezeka desibeli 3, muda salama unapungua nusu. Kwa hiyo desibeli 100, ambazo si ajabu karibu na sabufa, muda wake ni dakika 15 tu. Watoto wanaopenda kukaa mbele ya spika wasogezwe nyuma. Tena Tanzania ina kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2015, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na nyumba za ibada hazikusamehewa. Karibu na hospitali, iwe Rubya, Ndolage au Kagondo, amplifaya inazimwa. Aliyelala wodini ni jirani yetu pia.

10. KWA KAMATI NA WAFADHILI: BAJETI KAMILI

Katika Injili ya Luka, sura ya 14, Bwana anatoa mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara na kumtaka akae kwanza apige hesabu. Amplifaya ni mnara mdogo. Ombi la mradi lenye mstari mmoja tu usemao "amplifaya na sabufa" halijakamilika. Tunaomba kila kamati iandike yote haya:

- Amplifaya yenye RMS inayojulikana, na sabufa inayolingana nayo kwa wati na omu.
- Boksi la sabufa lililojengwa kwa mbao imara na kufungwa lisiruke gari linapoyumba.
- Waya wa shaba wa unene unaofaa, fyuzi kuu na kikasha chake, mipira ya kupitishia waya, na vishikizo.
- Betri ya pili, sanduku lake, na swichi ya kutenganisha betri.
- Mita ya volti.
- Ujira wa fundi mwenye ujuzi, na siku moja ya kumfundisha dereva na katibu wa vijana.
- Akiba ya kubadilisha betri, kwa maana hakuna betri ya milele.

Wafadhili wetu wapendwa, tunajua picha ya spika mpya inapendeza kuliko picha ya fyuzi. Tunawaomba mtukubalie kulipia fyuzi. Mkitutumia amplifaya iliyotumika, tafadhali tumeni pamoja nayo kijitabu chake, na mtujulishe volti na RMS yake. Kama fedha hazitoshi vyote, tununulieni amplifaya ndogo iliyofungwa vizuri. Wati 150 za kweli, zenye waya mzuri, zinatosha kwaya ya kigango.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KAMATI

1. Gari letu la huduma lina kazi ipi ya kwanza? Je, kila dereva na kila kikundi kinachoazima gari wanaijua?
2. Tunataka sabufa kwa ajili ya nini? Je, honi ingetufaa zaidi?
3. Nani katika parokia yetu anaweza kukagua waya na fyuzi, na lini vilikaguliwa mara ya mwisho?
4. Ni vifaa gani vya msaada tulivyovipokea bila kujua vinahitaji nini?
5. Nani mwenye mamlaka ya kuzima muziki betri ikishuka, na je, tutamtii?

Kwa upande wetu, waya wa zamani tumeung'oa. Kipande chake kilichoungua tumekitundika ukutani ofisini, karibu na kitabu cha safari za gari. Kila mgeni anayeuliza ni kitu gani, tunamsimulia habari za usiku ule. Vijana bado wana besi yao, na wanacheza vizuri. Na gari, tangu siku hiyo, halijakataa kuwaka usiku.